Mwasisi wa Yangeyange

"Hajazaliwa bado wa kuniingiza mjini," Kinanda alisema, akirekebisha tai mbele ya dirisha la jirani, "na siku akizaliwa, mimi ndiye nitakayemuuzia nepi."

Maneno hayo tuyaweke pembeni kwanza, kama mtu anavyoweka chenji ya baadaye. Tutayahitaji.

Jina la Kinanda alipewa kwa sababu ya mdomo wake: ukiubonyeza popote, unatoa muziki. Kazi ya kueleweka hakuwa nayo. Alikuwa na suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa kuliko maisha yake, na chumba cha uani kwa shangazi yake, fundi cherehani, ambako kodi aliilipa kwa kusifia mboga.

Shangazi huyo ndiye katibu wa Chama cha Kuhifadhi Ndege. Tuseme kweli: ndiye pia mhazini, mfagiaji, na mara nyingi ndiye mkutano wenyewe. Wanachama wengine walihama, walizeeka, au walichoka kuitwa. Kilichobaki ni bwawa lililo nyuma ya nyumba, lenye matete, na yangeyange weupe wanaokuja kutaga hapo tangu Shangazi akiwa msichana wa kusuka nywele mbili. Sasa halmashauri ilikuwa imetoa neno lake: uzio usiposimama kabla ya mvua, bwawa linafukiwa, panakuwa maegesho ya magari. Shangazi alishona mapazia ya nusu ya mji mpaka vidole vikaota sugu, lakini hakuna pazia lililokubali kugeuka nguzo.

Basi asubuhi hiyo hiyo ya tai, binti Shangazi alikuwa mezani na simu yake.

"Mama! Chama chetu kimo kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni!"

"Ee! Wamesema nini?"

"Mistari miwili. Kwamba kipo. Na kwamba mwasisi wake hajulikani."

"Ni kweli," Shangazi alisema na pini mdomoni. "Wazee wetu walianza pamoja, hakuna aliyejitia mbele."

Kikombe cha Kinanda kilisimama katikati ya safari. "Hajulikani? Na nani anaandika humo, binamu?"

"Yeyote. Unabonyeza 'hariri', unaandika."

Kinanda alikishusha kikombe polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Watu wanaomfahamu wanajua kwamba akitua kikombe namna hiyo, mahali fulani mjini kuna mtu anatakiwa aishike mifuko yake.

Kwenye kona ya mtaa kuna kibanda cha kuchapa na kutoa nakala. Kinaendeshwa na kijana mmoja mpole, mwaminifu, mwenye sura ya kupendeza, ambaye hahusiki kabisa na kisa hiki, kwa hiyo tusimchoshe. Humo Kinanda aliketi, na mara makala ikapata mstari mpya: "Chama kiliasisiwa na Mheshimiwa Kinanda, mpenzi mashuhuri wa ndege."

Hata soda yake hajaimaliza, mstari ukafutwa. Aliyeufuta ni mhariri wa mbali, asiyeonekana, aliyejiita Bundi Macho. Aliacha maneno machache tu: "Hakuna chanzo."

"Chanzo ndicho nini?" Kinanda aliuliza.

"Anataka kujua yameandikwa wapi kwingine," yule kijana asiyehusika alimfafanulia. " Gazetini, kwa mfano."

"Gazetini," Kinanda alirudia, na sauti yake ikawa tamu ghafla. "Si tungeanzia huko!"

Gazeti la mji lina ukurasa wa matangazo madogo, pale panapouzwa majokofu na kutafutwa mbwa waliopotea. Siku iliyofuata, chini ya jokofu moja, wasomaji walikuta hivi: "Mheshimiwa Kinanda anawashukuru wote waliompongeza kwa kuwa Mwasisi wa Chama cha Kuhifadhi Ndege. Ni vigumu kuwataja mmoja mmoja." Hapo hakudanganya. Ilikuwa vigumu sana.

Mstari ukarudishwa kwenye makala, safari hii ukiwa na jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Bundi Macho akajibu: "Sawa. Asante kwa chanzo."

Hapa msomaji avue kofia kidogo. Gazeti limemnukuu Kinanda, ensaiklopidia imelinukuu gazeti, na Kinanda sasa anainukuu ensaiklopidia. Kuna watu wana shahada na hawajawahi kufanya kitu kilichozunguka vizuri hivyo.

Wa kwanza kutembelewa alikuwa Mwuza Vigae, mtu mwenye duka kubwa na roho ya kutaka kubwa zaidi.

"Mheshimiwa wa nini wewe?" aliguna. "Si ndiwe uliyeniuzia saa isiyo na mashine ndani?"

"Ndugu yangu, usiniamini mimi. Mimi ni nani? Toa simu yako, soma mwenyewe."

Mwuza Vigae alisoma. Akasogeza miwani, akasoma tena. Akavuta kiti. "Karibu ukae, Mheshimiwa."

"Wafadhili wa ng'ambo wanataka kujenga jumba la utafiti wa ndege. Sakafu, kuta, mpaka darini, vigae vitupu. Na hawa hawaulizi bei, wanauliza jina. Jina lako likikaa humu, chini ya langu, kama Mlezi wa Heshima..."

"Chini yako kabisa?"

"Chini yangu tu, hakuna mtu katikati."

Mchango ulitoka kabla chai haijaletwa. Kutoka hapo Kinanda alikwenda kwa Mama Maturubai, ambaye hukodisha mahema na viti mji mzima, akamweleza kwamba wataalamu wa ndege hukutana kwa makongamano, na kwamba ndege, kwa bahati njema, huwezi kuwajadili ndani ya ukumbi.

"Nje kabisa, baba?" Mama Maturubai aliuliza, macho yameshaanza kuhesabu viti.

"Nje, mama. Chini ya turubai."

Majina yote mawili yaliingia kwenye makala, mfuko wa Kinanda ukanenepa, na Kinanda akaanza kuulizia nauli za miji ya mbali.

Aliyeiona makala ilivyovimba ni binti Shangazi. Aliisoma kwa sauti mbele ya cherehani, sauti ikipanda kila mstari. "Mlezi wa Heshima! Michango! Mama, anakusanya fedha kwa jina la ndege wetu. Nimfute?"

Shangazi alisimamisha gurudumu. Akatazama dirishani, kule kwenye matete.

"Usimfute," alisema mwisho. "Kitambaa kishakatwa, na kumbe kizuri. Kimebaki kushonwa. Nipe mtandio wangu."

Alikwenda kwanza gazetini. Kisha kwenye kibanda kile cha yule kijana mpole asiyehusika.

Kinanda alikuwa amekunja shati lake la mwisho ndani ya begi Mama Maturubai alipopiga simu akishangilia.

"Mheshimiwa! Moyo gani huo! Nimesoma mpaka nimelia!"

"Umesoma nini, mama?"

"Si haya yako! 'Mwasisi ametangaza kwamba michango yote itakabidhiwa kwa katibu Jumamosi, kando ya bwawa, kwa ajili ya uzio, na kwamba yeye mwenyewe atahamia kibanda cha mlinzi kulinda viota msimu mzima.' Na gazeti limetajwa!"

Kinanda aliliacha begi wazi kitandani. Alipiga mbio hadi kwenye kona, akafuta mstari. Mstari ukarudi. Akafuta tena. Ukarudi tena, ukiwa na salamu: "Tafadhali usifute taarifa zenye chanzo. Ukirudia utazuiwa kuhariri. Bundi Macho."

"Lakini ni uongo!" Kinanda aliifokea kompyuta.

"Una chanzo?" yule kijana mpole alimuuliza, kwa nia njema tu.

Jumamosi Kinanda aliamua kula kona mapema. Alitoka kwa mlango wa uani, begi mkononi, mfuko begani, akinyata kama jogoo aliyesikia kisu kikinolewa. Akafungua lango. Nje lilikuwepo lori la vigae, lori la mahema, na matarumbeta ya harusi, yote kwa heshima yake.

"Mwasisi huyo!" alipaza Mwuza Vigae. "Nilijua tu, ameshafungasha! Anahamia kibandani na mapema yote hii! Jamani, mpokeeni begi."

"Ndugu zangu," Kinanda alianza, "mambo ya mtandaoni mengine si ya kuamini. Ule mstari ni uongo."

Tarumbeta moja likakatika katikati ya wimbo.

"Uongo?" Mwuza Vigae alisema taratibu. "Mstari wa michango? Na huo wa chini yake, wenye jina langu, wenyewe ni nini?"

"Huo... huo ni kweli."

"Na huo wa juu, wa wewe kuwa mwasisi?"

Kinanda aliwatazama. Matarumbeta yalimtazama. Akiukana mstari mmoja, makala yote inamwangukia, na nyuma ya makala kuna kituo cha polisi. Akarekebisha tai.

"Yote ni kweli," alisema. "Nilikuwa nawatania. Twendeni."

Kando ya bwawa Mama Maturubai alikuwa amesimamisha turubai la bure, akiwa na hakika wageni wa ng'ambo wanachungulia kutoka mahali fulani. Bwana wa halmashauri alikuwepo na futi yake ya kupimia maegesho, imekunjwa bado. Shangazi alisimama mbele na gauni lake la sikukuu.

"Mwasisi atatukabidhi," alisema.

"Shangazi, ule mfuko, unajua, nimeusahau..."

"Si huo begani, baba?" Mama Maturubai alimsaidia.

Mfuko ulivuka. Ulivuka polepole, na vidole vya Kinanda vilikuwa vya mwisho kuelewa. Bwana wa halmashauri aliuchungulia, akatazama nguzo za uzio ambazo watu wa Mwuza Vigae walikuwa wameshaanza kuzishusha kutoka kwenye lori lake, akairudisha futi mfukoni. "Uzio ukisimama, bwawa linabaki," alisema, na Shangazi ilibidi akae.

Alipoinuka, alifuta macho na kutoa kitu kwenye kikapu. "Karibu kibandani, mwanangu. Nimekushonea kofia. Yangeyange hawana adabu na walio chini yao."

Kabla hajaivaa, ndege mmoja alithibitisha habari hiyo juu ya suti ya kijivu.

Msimu umefika katikati, na Kinanda yuko huko bado. Mhariri wa mbali anamwandikia kila mara kuuliza idadi ya vifaranga, na Walezi wa Heshima wanapita jioni kuona kama amelala. Mimi nimesimulia kama nilivyosikia kwa watu wa kuaminika. Mwenyewe sikuwepo, na mkono wangu haumo.

"Haumo?"

Hiyo ni sauti ya binti Shangazi, ambaye kumbe amesimama nyuma yangu humu kwenye kibanda cha kuchapa, anasoma begani mwangu.

"Aliyemchapia Kinanda ni nani? Na aliyemchapia Mama? Kote kote ulilipwa! Halafu huyu 'mpole mwenye sura ya kupendeza' ndiye nani? Mimi nilikuwa mlangoni siku ile Kinanda anaifokea kompyuta, nilikuona ukicheka mpaka ukaegemea mashine."

"Binti Shangazi," nimesema, "hayo madai mazito. Una chanzo?"

Amefungua mkoba wake. Ameniwekea gazeti la leo juu ya vitufe, ukurasa wa matangazo madogo. Chini ya pikipiki inayouzwa pameandikwa: "Mwenye kibanda cha kuchapa anawashukuru wote waliompongeza kwa kujitolea kusafisha bwawa kila Jumamosi, mpaka uzee wake."

Nimefungua makala haraka niwahi kufuta. Bundi Macho ameshashukuru kwa chanzo.