Nzi Wenye Ndevu

Jumatatu, 3 Machi
Nzi, nzi, nzi! Leo mteja kaitazama nyama yangu, kaziba pua, kavuka barabara kwenda kwa Koti Jeupe, muuza nyama wa ng'ambo. Mshenzi yule akanipungia mkono! Baba mkwe, mwenye hili bucha, anakuja Ijumaa kukagua. Akikuta nzi, ufunguo anampa Koti Jeupe. Mke wangu kashauri tusugue sakafu na kuweka wavu dirishani. Mawazo madogo.

Jumanne, 4 Machi
Dawa nimeipata! Nyuma ya bucha, karibu na mizinga ya nyuki ya baba mkwe, nzi mrefu mwenye ndevu alikuwa katulia juu ya kigingi, juani. Nzi wa kawaida akapita. Jambazi kamdaka hukohuko hewani, kamdunga mdomo, kamfyonza hadi akabaki ganda tupu. Nilipiga makofi peke yangu. Nimekata chandarua chetu, nimewanasa kadhaa. Mke kauliza nani kakikata. Nimesema panya.

Jumatano, 5 Machi
Nimewafungulia buchani. Aibu! Wameganda dirishani wakitazama jua, huku nzi wanatembea juu ya maini kama kwao. Nilimshika mmoja nimwelekeze kazi. Kaniuma kidole gumba. Kimevimba kama kiazi.

Alhamisi, 6 Machi
Kumbe wanataka jua tu! Nimepigilia vigingi nje, nikawaachia. Punde kila mmoja kakumbatia windo lake, anafyonza. Sikusogea karibu, kidole bado kinauma. Nimemwalika Koti Jeupe aje kesho ajionee.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempeleka baba mkwe kwenye vigingi, kifua mbele. Kainama, kaokota ganda moja. Kisha kauliza, kwa upole wa kutisha, nyuki wake wamenikosea nini. Nyuki! Laiti ardhi ingepasuka! Koti Jeupe kacheka hadi kakaa chini. Ufunguo ulishakuwa mkononi mwa Koti Jeupe, mke wangu alipompigia babake magoti. Nimepewa hadi Jumatatu: sakafu isuguliwe, wavu uwekwe, na nisilete tena mdudu yeyote.

Jumapili, 9 Machi
Mke kasugua, kaweka wavu. Bucha linang'aa, hakuna nzi hata mmoja. Lakini wakirudi je? Nimechunguza nyigu. Hao wanawinda hata kivulini! Tena nyama wanaipenda, hawatatoroka. Kiota kizima nimekitia guniani, kipo chini ya kaunta, kinanguruma. Kesho baba mkwe akifika, nitampa heshima ya kulifungua.