Bakora ya Kilemba

Mzee Himid wa Michenzani alipotamka kwamba kilemba chake, ili amwozeshe mjukuu wake Nassra, ni bakora ya mpingo na si kitu kingine, Mbarouk, mposaji, nusura acheke. Yeye, aliyekuwa akiwauzia wageni bakora za mpingo pale Shangani kila siku ya Mungu, kaombwa bakora!

Tuseme ukweli, maana mwenyewe hausemi: bakora zile zilikuwa za mpera. Alizitoboa katikati, akazitia kipande cha nondo, akazisugua dawa ya viatu mpaka zikang'aa. Mpingo huzama majini, na wake ulizama kuliko mpingo. Mgeni akiiona imekwenda chini ya ndoo, hulipa na kushukuru. Kuiopoa, huiopoa Mbarouk mwenyewe, kwa kitambaa.

Mpingo wa kweli ulikuwepo kwa Anuar seremala, lakini bei yake ingekomba akiba yote ya harusi. Na Nassra, Mbarouk alimpenda kwelikweli; katika maneno yake yote, hilo tu halikuwa la uongo.

Alhamisi alasiri akampelekea mzee bakora ya mpera.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tuione."

Ikatiwa ndooni, ikazama chubwi! Mbarouk akaingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa, lakini Mzee Himid keshaiopoa. Akaisugua, kisha akautazama mkono wake. Ulikuwa mweusi tititi.

Mbarouk akabaki na kitambaa mkononi. Mzee akanawa taratibu.

"Mashaallah," akasema. "Ichukue, twende tukasali."

Sala ilipokwisha, mzee akasimama mbele ya watu.

"Mnamwona kijana huyu? Kaleta bakora ya mpingo, wakfu kwa msikiti wetu. Kesho khatibu ataiegemea mimbarini."

Msikiti mzima ukamwombea dua. Mbarouk akaitikia amin. Akilini aliiona Ijumaa yenyewe: khatibu ametoka kutawadha, mikono mibichi, kanzu nyeupe pe, na Michenzani yote imekodoa macho. Nassra ndiyo basi tena.

"Nnaomba nende nayo nyumbani leo," akamwambia khatibu, ulimi ukimrudia kidogo. "Nikaipige msasa. Kitu cha msikiti hakitaki kukwaruza mkono."

Asubuhi ya Ijumaa alikuwa mlangoni kwa Anuar kabla hajafungua. Akiba ikaenda yote. Adhana ilipolia, khatibu alikuwa ameshika mpingo wa haki, na khutba ikapita salama. Mbarouk akashusha pumzi.

Walipotoka, Mzee Himid akamshika mkono.

"Nshaipapasa ile ya leo. Mpingo hasa."

"Alhamdulillahi, babu."

"Mungu akulipe. Ile basi ishakuwa ya msikiti." Akamtazama kwa upole mkubwa. "Na mimi, mwanangu, yangu unaniletea lini?"