Kifaransa cha Isevya

Jumanne, 3 Juni. Bujumbura.

Nimefika! Treni hadi Kigoma, basi hadi mpakani Manyovu, basi jingine hadi hapa. Babu zetu Wanyamwezi walitembea njia hii hadi ziwani na mizigo kichwani. Mimi nimebeba dumu moja la asali na mgongo umekataa kunyooka. Lakini mshenga halalamiki.

Kazi yenyewe: mpwa wangu Masele anataka kumwoa Jeska. Binti alikulia kwetu Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, kabla familia yao haijarudi Burundi. Wamesubiriana miaka mitatu. Baba yake ni marehemu, kwa hiyo neno la mwisho ni la bibi yake, Bibi Godeliva. Tatizo: kuna mwenye duka la simiti, wa hapa hapa mtaani, naye ameleta barua ya posa. Nimeshamchukia.

Nilimwamkia bibi shikamoo. Akaitikia marahaba bila kugeuka. Alikuwa anatazama runinga. Tamthilia ya Kituruki, watu wote wanasema Kifaransa. Nikatazama vizuri. Kumbe ni ile ile! Ile tunayoiona nyumbani Isevya, kwenye kibanda umiza, banda la video la Ng'washi, mwenyewe akiitafsiri kwa Kiswahili kwenye maikrofoni! Sisi tumefika sehemu ya tisini. Hapa wako ya kumi na mbili. Mungu hamtupi mja wake.

Jumatano, 4 Juni

Mpango umepatikana. Bibi analalamika kwamba wajukuu hawakai kumtafsiria tamthilia. Nikasema asihangaike, Kifaransa mimi nakijua. (Najua bonjuu.)

Saa kumi jioni nikaketi kando yake nikaanza. Huyu mwenye masharubu anaitwa Shemeji, amemdhulumu nduguye shamba. Yule mama wa hereni kubwa ndiye tajiri wa machimbo ya Nzega. Bibi akauliza kama Uturuki nako kuna Nzega. Ng'washi hajawahi kulieleza hilo. Nikamjibu kwamba dunia ni pana, majina hayatoshi, lazima yarudiwe. Akaridhika.

Ambrosi, baba mdogo wa Jeska, alikuwa mlangoni. Ni mwalimu wa Kifaransa. Alikohoa sana. Ama ni kifua, ama ni wivu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimehamishiwa kiti chenye mto! Nimepewa ndagala, dagaa wa ziwani, na mchicha wao wa lengalenga kabla ya wenyeji. Bwana Simiti alikuja kusalimia akaambiwa asubiri tamthilia iishe. Akasinzia mdomo wazi. Moja bila!

Wakati wa matangazo nikamsifu Masele. Nikasema ni mhandisi wa mawasiliano ya anga. (Anafunga madishi.) Nikasema ana nyumba ya vigae Chemchem. (Chumba cha kupanga. Vigae viko kwa mwenye nyumba.) Nikasema ni msemaji hodari, mikutano yote humwita. Hapo nilizidisha, nakiri. Lakini mshenga asiyeongeza chumvi anaharibu mboga.

Ijumaa, 6 Juni

Ambrosi ameniuliza mbele ya watu kwa nini Shemeji aliposema "ndugu yangu, nisamehe" mimi nilitafsiri "ugali umepoa". Nikamjibu kwamba Kifaransa cha darasani na Kifaransa cha maisha ni vitu viwili. Bibi akajifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Nadhani alimwonea mwanawe aibu.

Nikachomekea suala la jibu letu. Bibi akasema tutalizungumza tamthilia ikiisha. Nikafurahi kama mtoto. Baadaye Jeska akanifuata nikiwa uani. Akaniambia tamthilia ina sehemu mia moja sitini. Moja kwa siku. Jumapili hawaonyeshi.

Nikahesabu kwa vidole. Novemba!

Jeska akasema bibi ananipenda mno, hataki niondoke, na jibu akilitoa nitaondoka. Tena Ambrosi anamsukuma bibi aijibu barua ya Simiti kabla mwezi haujaisha. Alisema huku akichochea moto usiohitaji kuchochewa, machozi yakimtoka, akasingizia moshi. Moto wenyewe ulikuwa wa mkaa. Iliniuma. Mimi na ujanja wangu ndio tumemfungia mlango.

Jumamosi, 7 Juni

Mpango wa pili: kuimaliza tamthilia leo.

Nimewaua wote. Shemeji kapigwa na radi. Nduguye kafa kwa majuto. Tajiri wa Nzega kaangukiwa na mgodi wake. Kwenye runinga walikuwa harusini, wanacheza. Nikaeleza kwamba hizo ni kumbukumbu za marehemu enzi za uhai wao. Kisha nikasema: mwisho.

 Bibi akainuka, akazima runinga, akawasha mshumaa. Akatangaza kwamba nyumba hii ina msiba wa siku tatu, na penye msiba habari za posa hazitajwi.

Ambrosi alicheka hadi akakaa chini. Mtu hana utu kabisa.

Jumanne, 10 Juni

Msiba umeisha. Nami nusura niishe nao.

Bibi aliniita barazani peke yangu. Akasema jambo refu kwa Kifaransa, taratibu. Nikatabasamu, nikajibu wii, yaani ndiyo. Akaniambia kwa Kiswahili safi cha Ulyankulu kwamba ameniuliza kama mimi ni mbuzi.

Kabla ya kukimbilia Ulyankulu mwaka sabini na mbili alikuwa mpishi wa masista wa Kibelgiji, miaka sita. Kifaransa anakijua chote, hadi maneno ambayo sista mkuu aliyasema akiungua mkono. Huwasumbua wajukuu wamtafsirie ili tu wakae naye. Ambrosi alijua tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana ya kile kikohozi. Bibi akasema hajacheka hivi tangu amzike baba yake Jeska, ndiyo maana akaniacha niendelee.

Kisha akaacha kutabasamu. Akasema mshenga akiwa mwongo kiasi hiki, yeye atamjuaje kijana? Sasa nimweleze Masele bila tafsiri.

 Nikasema. Anafunga madishi. Amepanga chumba kimoja. Ana kigugumizi, jina langu humchukua nusu dakika. Mama yake akiugua, yeye ndiye humfulia na kumpikia uji. Na katika maneno yote ya dunia, neno asilolikwaa hata kidogo ni Jeska.

 Bibi akavuta chungu cha pombe ya mtama, akanyonya kwa mrija wake, kisha akanikabidhi wa pili. Kwao huwezi kunywa chungu kimoja na mtu usiyemtaka. Akasema Simiti ni mtu mzuri, ila anasinzia. Masele aje.

Jeska alikuwa nyuma ya pazia. Alipiga kigelegele kilichoamsha kuku. Machozi yalinitoka. Pombe ilikuwa imepanda puani.

Alhamisi, 12 Juni. Ndani ya treni.

Tumepita Uvinza. Jamani, ukweli una nguvu! Uongo wa wiki nzima haukufanya kitu, ukweli wa dakika tano umeleta mke. Nimeapa. Sitadanganya tena, hata nikiulizwa umri.

Mbele yangu ameketi Recheli, mama wa makamo, anashukia Urambo. Anatazama tamthilia ya Kikorea kwenye simu na mama yake mzee. Haina tafsiri. Mzee anauliza kila mara wanasemaje, binti hajui, mzee anahuzunika. Recheli akauliza behewa zima kama kuna anayejua Kikorea.

Nikatazama dirishani. Nikatazama miombo dakika mbili nzima.

Nikamwambia asogeze simu. Huyu wa koti jeupe, nikasema, ni daktari kutoka Igunga. Mzee akashangaa kwamba Korea nako kuna Igunga.

Nikamwambia dunia ni pana, majina hayatoshi.