Ombi la Kulifanya Duka Lenu la Mtandaoni Liwe Gumu Tena

Ndugu Meneja,

Niwie radhi kwa kuchelewa. Barua hii niliianza mwanangu alipoota jino la kwanza. Sasa anayo manne, na yote ameyajaribu begani kwangu. Nakuandikia kulalamika, kwa heshima zote, kwamba duka lenu jipya la mtandaoni ni rahisi kupita kiasi.

1. Tovuti ya zamani ilikuwa na utu. Ukitafuta sabuni, inakuletea mapazia. Ukijaza kikapu, kinajimwaga. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akiniona nahangaika na simu alikuwa anasema, "Hebu nipe huyo mtoto, nenda dukani kwa miguu yako." Basi naenda. Natembea katikati ya rafu zenu mikono mitupu, nanusa sabuni moja moja, hakuna anayenivuta sketi. Wiki nzima sikuwa na mapumziko mengine.

2. Sasa mmeweka herufi kubwa, picha safi, na kile kitufe cha "Agiza kama mara iliyopita". Nikigusa tu, nepi zinabisha hodi. Mama mkwe amefurahi mno. "Sasa mwanangu, utoke uende wapi tena?" Nikarudi kukunja nepi.

3. Mtoto naye ameagiza. Alikuwa anatafuna simu tu, jamani, kesho yake ikaletwa ngazi ya chuma. Mtu hajajua kusimama, ana ngazi. Baba yake anasema mtoto ana malengo.

4. Dereva wenu anawahi. Nikisema "nepi zimeisha, ngoja nitoke kidogo," yuko mlangoni, anatabasamu.

Kwa hiyo naomba herufi zirudi kuwa ndogo kama chawa. Kitufe cha kulipia kikimbie kikiguswa. Nenosiri lidai alama ambayo simu haina. Na huyo aliyebuni tovuti, ambaye sina shaka ni mtu mwema, aletewe mwanangu ashinde naye siku moja, ndipo tuzungumze habari za urahisi.

Nisalimie walinzi wote, na yule dada wa kaunta anayeniita Mnusaji. Mwambie sijahama wala sijafa.

Mteja wenu mwaminifu, aliyefungiwa ndani na huduma bora,
Mama Meno

Tanbihi: Baba watoto amesoma barua hii, akanionyesha mahali chini kabisa ya ukurasa palipoandikwa "Nitachukua mwenyewe dukani". Tafadhali msiguse chochote. Aliyebuni tovuti apandishwe cheo. Ujumbe wa kwamba mzigo uko tayari utumwe kwenye simu ya mama mkwe, ili aniambie yeye mwenyewe niende. Bado nahitaji: nepi kubwa, pakiti moja, sabuni ya unga, mfuko mdogo, chuchu ya chupa ya mtoto, moja, vibanio vya nguo, dazeni. Visiwe tayari vyote siku moja; kila kimoja kiwe na siku yake.