Nipunguzwe Kidogo Tu

Jumanne, 12 Novemba 2024. Rwamishenye.

Nimeamua. Nitapunguzwa urefu. Hospitalini, kwa kisu na sindano ya usingizi. Mtu wa kwanza kumwambia ni mwanangu. Amecheka. Hana jino hata moja, lakini alicheka kama anayeelewa.

Niandike sababu, maana siku moja atasoma.

Mimi siyo mrefu wa kawaida. Mimi ni mrefu wa kuitwa. Taa ya jirani ikiungua haitwi fundi, naitwa Elieth. Kwenye kwaya ya usharika nimewekwa nyuma kabisa, na mchungaji bado ananiona kuliko waliokaa mbele. Aibu sina. Nikipita sokoni watu wanageuka, na mimi nawapa muda wageuke vizuri. Ila Mungu alipokuwa ananiumba alikazania miguu, kiwiliwili kikapata kilichobaki. Nikikaa ni mtu kama wengine. Nikisimama ndipo habari inapoanza.

Tatizo ni magoti. Baba mkwe wangu, Mzee Rutaihwa wa kule Nshamba, ni mtu wa adabu za zamani. Mke wa mtoto wake lazima apige magoti kumwamkia. Napiga! Lakini nikishapiga, kichwa changu kinalingana na chake akiwa kwenye kiti. Na macho yake yana ukungu siku hizi. Basi mzee anasubiri nipige magoti. Na mimi nimeshapiga. Anasubiri, nasubiri. Mwisho anasema "Haya," anageuka kutazama mibuni yake.

Sasa amesema mtoto wangu hapewi jina la ukoo mpaka mama yake ajifunze kuamkia. Kanisani atabatizwa Evodia, hilo halina shida. Lakini kwao jina la ukoo hutoka kwenye mdomo wa babu, na babu ameufunga. Mwanangu ameanza kugeuka kitandani mwenyewe, na kule Nshamba bado anaitwa Hicho Kitoto. Roho inaniuma.

Nimemwambia Buberwa, mume wangu, amweleze baba yake. Akaniuliza, utamwambiaje mzee kwamba haoni? Kaka yake mkubwa aliwahi kutamka neno miwani, akarukwa kahawa ya kutafuna mbele ya wageni. Kikapu kilipita kikaenda kwa mwingine!

Kwa hiyo macho ya mzee hayaguswi. Imebaki miguu yangu.


Jumatano, 13 Novemba.

Nimepata uhakika. Violeth wa saluni amenionyesha video kwenye simu yake. Nchi za watu wanakata kipande cha mfupa, wanaunga, mtu anaamka mfupi. Wengine wanapunguzwa hapa, wanaongezwa pale, mpaka umbo linakaa sawa. Wanaanza kwa kukuchora kwa peni.

Violeth akasema, shoga, miguu hiyo ningepewa mimi ningetembea Bukoba nzima bila kazi, watu wanione tu. Nikamwambia ndiyo maana hukupewa. Tukacheka, lakini yeye alicheka kidogo.

Fundi cherehani wa mlango wa pili alinipima ili nijue cha kupunguza. Futi yake iliisha njiani. Akamalizia kwa vidole.

Nyumbani nikajichora kwenye mapaja mahali pa kukata, kwa wanja wa Violeth. Wanja mzuri mno. Hautoki. Buberwa akauliza mistari ya nini. Nikamwambia dawa ya upele. Akasogea ukutani.


Ijumaa, 15 Novemba.

Nimemwona daktari. Mama mmoja mdogo kwa umbo, miguu yake haigusi sakafu akikaa. Nikamwonea wivu palepale.

Nikamweleza kwamba nimekuja kwa niaba ya rafiki. Akauliza rafiki ana urefu gani. Nikasema kama mimi. Akauliza rafiki ananyonyesha? Nikasema ndiyo, mtoto wa kike, mzuri sana.

Akasema mifupa mizima ya miguu hapa haikatwi. Huko inakokatwa, unakatwa kwa msumeno, unapigwa vyuma, unakaa muda mrefu hukanyagi chini, misuli inalegea, na hakuna wa kukuahidi kwamba utatembea ulivyokuwa unatembea. Akauliza, na mtoto atabebwa na nani?

Rafiki yangu hakulifikiria hilo.

Lakini sikuja kutoka Rwamishenye kwa swali moja. Nikauliza, badala ya kukata, haiwezekani kukunja tu kwa ndani, kama upindo wa sketi? Ili siku mtu akiutaka urefu wake anafumua. Daktari akatoka nje. Alirudi macho yana machozi. Akasema, "Mama, nenda ukanyonyeshe."

Nikamwonyesha na mistari ya wanja, ya rafiki, ili aone kwamba tulijiandaa. Akaangalia, akasema mguu mmoja nimechora chini kuliko mwingine. Yaani ningechechemea! Kumbe kweli wamesomea hawa.

Upasuaji umeahirishwa. Haujafutwa.


Jumatatu, 18 Novemba.

Njia ya asili. Kitu kikigandamizwa kinashuka, hilo halihitaji chuo. Nikanunua mkungu mkubwa wa ndizi sokoni, nikautia kichwani, mtoto mgongoni, nikapanda nao mpaka Kahororo kwa shangazi. Nilikuwa nausikia uti wa mgongo unafupika.

Shida ikawa wanawake wa njiani. Mmoja akasema, dada, kwa kuwa wewe unapita juu kwa juu, nishikie na haka kafurushi. Nikashika. Nilifika Kahororo na mali za watu nisiowajua. Lakini walisema hajawahi kutokea mtu anayetembea na mzigo vizuri hivyo. Nikawapa mzunguko mmoja wa ziada.

Jioni nikajipima mlangoni, pale nilipoweka alama kwa mkaa. Nimeongezeka!

Buberwa akasema mzigo wa kichwani unanyoosha mgongo, kila mtu anajua. Angesema kabla sijafika Kahororo. Shingo haigeuki. Mtoto nikitaka kumwangalia inabidi nigeuke mzima.


Alhamisi, 21 Novemba.

Georgina amepiga simu. Georgina ni mke wa kaka yake Buberwa, yule wa miwani. Mfupi kama kinu. Akipiga magoti ni kama umezima taa: alikuwepo, hayupo. Watoto wake walipewa majina ya ukoo kabla kitovu hakijakauka, na hasahau kunikumbusha.

Akasema Jumapili hii mzee amealika ndugu, anataka kuona wajukuu wote. Halafu, kwa sauti ya asali: "Mdogo wangu, ujitahidi basi. Usisimame mbele ya Tata, baba yetu, kama nguzo ya umeme. Na mje na senene, msimu ndio huu."

Nikamshukuru. Nikakata simu. Nikamwambia mwanangu maneno ambayo siwezi kuandika humu.

Halafu, nikiwa nachambua senene, nawang'oa mbawa na miguu, wazo likanishukia. Kama siwezi kupunguzwa juu, si nipunguzwe chini? Shimo! Mbele ya kiti cha mzee, la kuingia mapaja yangu tu. Nitapiga magoti ndani yake na kuwa mfupi kuliko Georgina. Hakuna msumeno, hakuna vyuma, na jioni nikitoka nina urefu wangu wote.

Daktari amesoma miaka mingapi? Na hili hakuliona.


Jumamosi, 23 Novemba. Nshamba.

Tumefika. Mama mkwe, Ma Theopista, akampokea mtoto, akamnusa shingoni, akasema, "Karibu, kageni kasiko na jina." Alisema kwa upendo, lakini lilinichoma.

Mzee alikuwa kitandani amepumzika, kwa hiyo maamkizi yamesogezwa mpaka kesho, mbele ya watu wote. Sawasawa kabisa.

Mchana wengine walienda shambani kukata ndizi za sherehe. Ma Theopista akaniachia kazi ya kutandaza majani mabichi uani, kama ilivyo kawaida wageni wakija. Nikafunga mtoto mgongoni, nikachukua jembe. Udongo wa Nshamba ni laini kama keki. Mtoto alilala muda wote. Nadhani anaamini kila mama huchimba.

Niliusambaza udongo kwenye migomba, nikajaza shimo majani kwa wepesi, juu nikatandaza nyasi nzuri. Ma Theopista aliporudi alisimama akaangalia uani. Akasema katika kibanja hiki hakuna aliyewahi kutandaza majani yakalala sawa namna hii. Nilikaribia kulia kwa furaha.


Jumapili, 24 Novemba. Nshamba.

Niandike polepole.

Baada ya ibada watu walijaa. Mzee kitini, fimbo mkononi. Pembeni yake mdogo wake, Mzee Mushumbusi wa Muleba mjini, mtu wa utani. Mimi nimefunga kitenge kipya, mtoto mgongoni, nimependeza kupita kiasi. Ma Theopista akaita wake wa watoto waje kuamkia.

Nikapiga hatua. Ma Theopista akanishika mkono. Mke wa mkubwa anatangulia.

Mawe! Mtu aliyeolewa katika nyumba hii angesahauje hilo?

Georgina akapita na kikapu cha kahawa ya kutafuna, akinitazama kwa jicho moja. Akafika mbele ya kiti. Akapiga magoti. Akapotea. Kilibaki kichwa na kikapu.

Mzee akainama mbele, akauliza, "Georgina, uko wapi?"

"Niko hapa, Tata," sauti kutoka ardhini.

"Mpaka huko! Waitu, ndugu zangu, mnaona? Hii ndiyo adabu!"

Watu wakapiga makofi. Georgina alikuwa amefungua mdomo apige kelele, akasikia sifa, akaufunga. Akatulia mlemle.

Zamu yangu. Shimo lina mtu! Nikapiga magoti pembeni, juu ya rundo la majani niliyozidisha mwenyewe. Nikawa mrefu kuliko siku zote.

Mzee akangoja. Akauliza huyu aliyesimama ni nani. Mzee Mushumbusi akasema ni mnara wa simu, ngoja tuone kama mtandao umeongezeka. Watu wakacheka. Buberwa aliangalia viatu vyake. Mzee akasema, basi, wapeni wageni chakula.

Mtoto akaanza kulia. Nikawaza, tukiondoka hapa leo ataitwa Hicho Kitoto mpaka aende shule. Nikajisikia nasema, na sauti haikuwa ya kwaya:

"Tata, nimepiga magoti. Nimepiga tangu siku mliyonitolea mahari. Lete fimbo yako."

Nikashika ncha ya fimbo, nikaiweka kichwani kwangu, nikaishusha polepole. Bega. Mgongoni, mtoto akaidaka. Akaacha kulia. Mzee akavuta, mtoto akavuta. Mzee akavuta tena, mtoto akang'ang'ania na mguno juu. Mzee akacheka, sijawahi kumsikia anacheka. Akasema huyu ana mkono wa kwetu. Mtoto alipoiachia nikaishusha fimbo mpaka chini, ikagonga goti langu, ikagonga ardhi. Mzee akagonga tena mwenyewe. Goti. Ardhi.

Akawauliza wote, taratibu, "Siku zote hizi alikuwa amepiga? Na ninyi mlikuwa mnaona?"

Kila mtu akapata kitu cha kutazama. Ma Theopista akajibu, "Tungekuambia, ungekubali?"

Mzee akaweka fimbo yake chini. Kisha akaomba apewe mtoto. Akamweka mapajani, akamsogeza karibu kabisa na uso mpaka pua zikagusana, amwone. Akamwita Kokushubira. Akasema ni jina la matumaini, maana mama yake amesubiri bila kuchoka. Nikapiga kigelegele changu mwenyewe, sikungoja mtu.

Ndipo Georgina akaomba, kwa adabu, kama kuna mtu wa kumtoa.

Shimo likajadiliwa. Ma Theopista akasema ni fuko. Mzee Mushumbusi akasema basi ni fuko wa ukubwa wa mbuzi. Nikasema kweli, mafuko wa msimu huu ni wakubwa sana. Georgina alinitazama. Nikampelekea senene, nikamjazia sahani.


Jumanne, 26 Novemba. Rwamishenye.

Kokushubira amelala. Kokushubira amenyonya. Kokushubira amepiga chafya. Naandika tu nione linavyokaa. Linakaa vizuri sana. Rwamishenye nzima imeshaambiwa, na Kahororo nimepiga simu.

Buberwa amekuwa mwenye hekima ghafla. Anasema umeona mke wangu, kumbe ilitosha kusema. Nikamwambia hajaelewa chochote. Kusema kila mtu anaweza. Kufikiri ndiko kugumu, na katika nyumba hii anayefikiri anajulikana.

Maana yeye hajaona hatari iliyo mbele. Krismasi tumealikwa kwa Mzee Mushumbusi. Huyo macho yake ni ya mwewe, lakini haketi kwenye kiti. Anakaa kwenye kigoda, kile cha kugusa ardhi. Nikipiga magoti pale atakuwa anaongea na kidevu changu. Na uani kwake ni saruji, haichimbiki.

Leo nikaenda kwa fundi seremala. Nimemwagiza kigoda, zawadi ya Krismasi kwa mzee, chenye miguu mirefu. Nikapiga magoti kwenye maranda yake anipime mpaka utosini, aongeze na cha heshima juu. Fundi akauliza kama ni cha baa. Nikamwambia ni cha ukoo. Akapima, akarudia kupima, akauliza sasa mzee atakipandaje.

Swali zuri. Nimeagiza na ngazi.