Sista, Njoo Uchukue Jina Lako

Musembi Nzomo,
Muuza nguo za watoto, Soko la Toi,
Mkaaji wa kijiji cha Raila, Kibera.

Kwa Sista Sella Nasike,
Muuguzi, Wodi ya Watoto Waliozaliwa Kabla ya Wakati.

Kwako Sista mheshimiwa,

KUH: JINA LAKO, AMBALO LIMEKAA KWA MTOTO WANGU MIAKA SABA BILA RUHUSA YANGU

Natumaini u mzima na zamu hazijakumaliza. Mimi pia ni mzima, isipokuwa heshima yangu, na hiyo ndiyo imenifanya nishike kalamu. Huenda umenisahau, kwa kuwa mnapokea akina baba wengi wenye sura kama yangu. Mimi ni yule aliyekuja siku ya tano akiwa amevaa tai.

Nikukumbushe. Mke wangu Kalekye alipandwa na presha, mtoto akatolewa kwa upasuaji akiwa na wiki ishirini na saba na gramu mia nane na arobaini. Pakiti ya sukari ilimshinda uzito. Kalekye mwenyewe alikuwa amelazwa ghorofa ya juu, hawezi hata kuketi. Malalamishi yangu ni haya:

1. Ulimpa mtoto wangu jina.

Siku nne za kwanza sikufika kwenu. Nilituma ujumbe kwamba soko limenibana. Ukweli, Sista, nilikuwa nimekaa juu ya mzigo wa mitumba nikipanga soksi za watoto kwa rangi, kazi ambayo haijawahi kufanywa Toi tangu soko lianze. Nguo ndogo kabisa niliyokuwa nayo ingevaliwa na watoto watatu kama huyo kwa pamoja. Kaka yangu Urbanus, fundi wa kuchomelea vyuma kule Kawangware, alikuwa amenishauri nisimpe mtoto jina. Alisema asiye na jina haachi pengo kubwa.

Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba. Mama yangu ni Kanini, na bado yuko hai. Nikaona jina lake nisilitie hatarini. Nikaliweka kando, kama suti, lingoje mtoto mwenye afya.

Siku ya tano ukanikabili mlangoni. "Baba, mtoto anaitwa nani?"

Nikasema, "Tungojee kwanza."

"Tungojee si jina. Nina akina Kalekye wawili, watoto wao wote wameandikwa Mtoto wa Kalekye, na kila mmoja ana dawa yake. Nipe jina sasa hivi."

Nikaangalia viatu vyangu. Ukachukua kalamu, ukaandika Nasike kwenye utepe wa mkono wake, ukaniambia, "Nimemwazima langu. Ukipata lako utaniambia."

2. Ulinivua shati mbele ya watu.

Nilikueleza kwa adabu kwamba kwetu mwanamume habebi mtoto mchanga. Ukaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Kitui. Ukasema, "Hapa si Kitui. Toa tai, toa shati, keti kitini." Ukanilazia yule mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mpira wa maziwa puani, mgongo wake mzima ukitoshea kiganja changu. Nilijiona kama kuku anayelalia mayai, na akina mama wote kwenye benchi wakinitazama.

Kisha akasahau kupumua. Mashine ikalia, mimi nikawa jiwe. Wewe ulikuja bila hata kukimbia, ukamgonga unyayo kwa kidole. "Nasike! Rudi kazini." Akarudi kazini.

Kesho yake alasiri akasahau tena, na wewe ulikuwa kwa mtoto wa yule Kalekye mwingine, mtoto ambaye hamkuweza kumrudisha. Sista, sikuwa na mtu wa kumwita. Nikagonga unyayo mimi mwenyewe, nikaita, na jina lingine la kuita sikuwa nalo. Hapo ndipo uliponikamata.

3. Mlinivurugia hesabu ya miaka.

Mlisema tuhesabu umri wake kuanzia tarehe aliyopaswa kuzaliwa, siyo aliyozaliwa. Nendeni mkaeleze hayo Raila! Jirani akiuliza kwa nini mtoto wa miezi tisa haketi, nilianza, "Ana tisa, lakini kwa kweli ana sita." Nikionekana mlevi, nilileta kalenda. Siku hizi watu wa ploti yetu wakiona nimeshika kalenda wanaingia ndani.

4. Hili nimelisahau. Litakuja.

5. Hukuniambia safari ni ndefu namna hii.

Siku tunatoka, baada ya wiki kumi na moja, nilikuuliza kama atakuwa sawa. Ulijibu neno moja: "Tutaona." Sista, miaka saba tunaona. Tumeona macho, amevaa miwani tangu akiwa na miaka minne. Tumeona mguu wa kushoto, ambao kila Jumatano nilimpeleka ukanyooshwe, nikaacha kibanda changu kimefunikwa turubai. Alitembea akiwa na miaka miwili na miezi miwili, kanisani, wakati wa sadaka, akaelekea kapuni moja kwa moja na kutoa noti ya mzee wa kanisa. Nililia sana, watu wakadhani ni aibu.

Sasa yuko shuleni. Mwalimu Wangoi ananiambia ananakili ubaoni polepole na kujumlisha kunamtoroka. Lakini muulize nani alisema nini nyumbani kwa nani mwaka juzi, atakuambia mpaka rangi ya sweta. Sisi wazazi tumeacha kugombana kwa kukosa faragha.

6. Ulinigombanisha na mama yangu.

Alikuja kutoka Kitui mtoto akiwa na miezi mitano, amebeba kuku na kibuyu cha uji. Akampakata, akauliza, "Kwa hiyo huyu ni mimi?"

Nikasema, "Hapana mama. Ni Nasike." Nikamweleza yote, nikidhani atanisifu kwa kumlinda.

Kisha akasema, "Kumbe ulilinda jina, Musembi. Mtoto ulimwachia nani?"

Jibu nalitafuta kwako, ndiyo maana nimeandika namba sita.

7. Umenitia kwenye kashfa.

Kikundi chetu cha watu wa Kitui hukutana Kawangware kila mwezi. Juzi mwenyekiti, Bwana Duncan, alisimama akasema, "Musembi, Mkamba gani huyu anaitwa Nasike? Kama kuna mama wa Kiluhya tunapaswa kumtambua, sema tujipange." Nikamtazama mke wangu anitetee. Kalekye alicheka hadi akashika ukuta.

Kwa hayo yote, naomba mambo yafuatayo kwa unyenyekevu. Kwanza, ufike Kawangware mkutano ujao, ukiwa na sare, utangaze kwamba kati yangu na wewe hapajawahi kuwa na mapenzi, na kwamba mara zote uliniita "wewe wa tai". Pili, uchukue jina lako uende nalo. Tatu, ukishalichukua, unipe hakikisho la maandishi kwamba mtoto ataitikia Kanini. Nimemwita hivyo wiki nzima, hakugeuka. Jumamosi aliniuliza kwa huruma, "Baba, huyo Kanini unayemtafuta kila siku alipotelea wapi?"

Namba nne imekuja. Sikuwahi kukuambia asante. Lakini naona hilo si lalamishi, kwa hiyo usilihesabu.

Nisalimie wauguzi wenzako, na yule mlinzi aliyenirudisha kunawa mikono mara tatu, na akina mama walio kwenye benchi leo. Mwambie baba yeyote anayepanga soksi huko nje kwamba kiti kipo.

Mimi niliyedhulumiwa,
Musembi Nzomo
(Baba Nasike)

N.B. Anayekukabidhi barua hii ni mwenyewe. Ndiye huyo wa miwani, anayeburuta kidogo mguu wa kushoto. Amesuka nywele kwa ajili yako na hajanywa chai tangu asubuhi kwa hamu ya kumwona mtu wanayeitana jina moja. Mimi niko getini, siingii. Nimemwambia ni barua ya shukrani. Anasoma polepole lakini anasoma, kwa hiyo ikunje haraka, na akikuuliza baba ameandika nini, tafadhali Sista, usinifanye mwongo mbele ya mtoto.