Mtumiaji Namba Nne, Ambaye Pia Ni Namba Tano

Kwa Ndugu Mkuu wa Ajira,
Kampuni Kubwa ya Programu za Simu.

Ndugu Mkuu,

Pole na kazi ya kuchagua watu. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la saba, na ni mdogo wake yule dada mnayemsaili kwa kazi ya kubuni programu ambazo mtu anazitumia bila kuhangaika. Alhamisi anakuja kwenu kwa usaili wa tano. Naomba, kwa heshima zote, mmkatae. Sababu zangu ni hizi:

1. Usaili wenu ni mwingi mno. Mwalimu mkuu wetu alisailiwa mara moja tu, na anaongoza watoto mia tisa. Katika usaili wa pili, uliofanyika kwa video sebuleni kwetu, mlimuuliza dada angeboreshaje lifti ya jengo la ghorofa mia moja. Baba, ambaye ni fundi umeme na alikuwa amejificha nyuma ya pazia, akashindwa kuvumilia: "Waambie kwanza umeme uwepo!" Msaili wenu alicheka, akaandika. Tangu siku hiyo Baba anawaambia majirani kwamba yeye naye amepita raundi ya pili.

2. Mlimpa dada kazi ya kufanyia nyumbani: abuni simu ya mtu asiyejua kusoma, kisha aijaribu kwa watumiaji watano. Ukimtoa yeye, nyumbani tupo wanne: Bibi, Baba, Mama na mimi. Kwa hiyo nilihesabiwa mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na miwani, mara ya pili bila miwani. Namba Tano alifanya vibaya sana, alibonyeza meza. Sikupewa hata soda.

3. Dada anatujaribu mpaka jikoni. Bibi akitafuta chumvi, ni marufuku kumwonyesha ilipo. Dada anakaa na daftari na kusema, "Bibi, fikiria kwa sauti." Bibi alifikiria kwa sauti, na hajaacha hadi leo. Juzi fundi cherehani alimletea gauni lake, Bibi akafikiria: "Bega hili limepanda juu kama mwanafunzi anayeomba kwenda msalani. Na chai yetu anaimaliza." Fundi alikuwa amekaa mbele yake, kikombe mkononi.

4. Neno "nzuri" limepigwa marufuku. Lazima utoe alama, moja hadi tano, pamoja na sababu. Baba aliupa mchuzi wa Mama alama tatu, akaongeza kwamba kuna nafasi ya kuboresha. Mama akamjibu, "Basi baba watoto, kesho uboreshe mwenyewe." Ameboresha siku nne mfululizo. Tunaumwa matumbo.

5. Ugonjwa umenifikia na mimi. Kwenye mtihani wa hesabu niliandika kwamba swali la sita halimjali mtumiaji, nikalichora upya kwa mishale. Nilipata sifuri. Mama aliitwa shuleni. Alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho, kisha akamuuliza maelezo hayo angeyapa alama ngapi kati ya tano.

Ndugu Mkuu, mwambieni tu "asante, tutakupigia," halafu msipige. Najua mnaweza. Shati lake la usaili amelipiga pasi mara tatu tangu Jumapili, na mimi nimemshikia kola, lakini hilo lisikusumbue.

Wasalimie wasaili wote, hasa yule aliyecheka, na mlinzi wa getini. Bibi anawasalimu, kwa sauti.

Wako mtiifu,
Mtumiaji Namba Nne (na, bila miwani, Namba Tano)

Nyongeza: Nilipokwenda kutafuta bahasha nilimkuta Bibi na ile simu aliyoibuni dada, ambayo badala ya majina ina nyuso. Bibi hajui kusoma, kwa hiyo miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia kumpigia simu mdogo wake, nikisimama pale pale kusikia yote. Leo amegusa uso wa mdogo wake, akapiga mwenyewe. Aliponiona akasema, "Toka mjukuu wangu, funga mlango, nina maongezi yangu." Hii ni saa nzima sasa, anacheka mpaka anakohoa.

Kwa hiyo tafadhali futeni sababu namba moja hadi tano, mumwajiri dada upesi. Kuhusu miwani, wale walikuwa watu wawili tofauti. Na Bibi anaomba picha ya uso wako, Ndugu Mkuu. Alhamisi jioni anataka kukupigia mwenyewe.